Naomba ushauri: kuchuja floraidi kwenye maji ya kisima

Habari zenu wakuu. Nimejenga Usa River, Arusha, maji yangu ni ya kisima. Kwa macho ni meupe kabisa, hayana harufu, ila nilipoyapeleka maabara floraidi ilisoma miligramu 6 kwa lita, na WHO wanasema isizidi 1.5. Nina mtoto wa miaka mitatu, na nikiyaona meno ya kahawia ya watoto wa jirani nakosa raha. Kuchemsha najua hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki.

Fundi mmoja kaniletea chujio la vikopo vitatu, pamba kimoja na mkaa viwili, anaapa litamaliza kazi. Simwamini sana. Mkaa huo ni wa vifuu vya nazi, si ule wa mifupa ya ng'ombe unaonasa floraidi.

Nawaza mashine ya RO (ile inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba, floraidi inatemwa na maji machafu), ya jikoni tu. Shida ni kwamba simtanki langu liko kwenye mnara wa mita 3, presha kiduchu. Lazima nifunge na pampu? Na yale maji inayoyatema mnayapeleka wapi? Mimi nafikiria chooni.

Aliyetumia mkaa wa mifupa naye aniambie, unaubadilisha baada ya muda gani?