Ubeti mmoja, kambi mbili: nishike arudhi au niandike huru?

Mtunzi_Chipukizi:
Wakuu, naandaa diwani ndogo. Walioshika arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, wanasema tungo zangu huru ni insha iliyokatwakatwa. Wa upande wa pili wanasema vina vyangu vimelazimishwa. Naweka wazo moja kwa namna mbili, mnipasulie.

Tarbia (ubeti wa mishororo minne), mizani yaani silabi 8 kwa 8:

*Kisima kimekauka, ndoo zalia mlangoni,*
*Kina mama wamechoka, wamerudi majumbani,*
*Tunaomba na kutaka, Mola mvua tupeni,*
*Nchi yote yapasuka, twende wapi duniani?*

Huru:

*Kisima*
*kimekauka.*
*Ndoo*
*zinalia*
*mlangoni.*
*Na huzuni*
*imetanda katika jamii yetu.*

Halafu nimeambiwa ukwapi (kipande cha kwanza) wa mshororo wa nne una mizani 7. Ni kweli?

FundiMizani:
Si kweli. N ya "nchi" ni silabi kamili: n-chi-yo-te-ya-pa-su-ka, 8. Aliyekwambia ameichukulia kama ile ya "ndoo", ambayo imeshikana na d: ndo-o, mizani 2.

Kosa liko mshororo wa kwanza, kwenye utao, kile kipande cha pili. Ndo-o-za-li-a-m-la-ngo-ni ni 9. M inayotangulia konsonanti kama kwenye "mlango" au "mtu" huhesabiwa peke yake. Ila "mbuzi" ni 2, kwa sababu mb hapo ni sauti moja. Maneno ya mkopo pia huwaponza wengi: "daktari" ni da-k-ta-ri, 4.

Utashawishika kuandika "langoni" ili 8 itimie. Usifanye hivyo. Lango ni la boma au la mji, na ndoo zako ziko nyumbani. Ondoa kitenzi tu: *ndoo tupu mlangoni*. Inatimia 8, na ndoo haihitaji kulia ndipo tujue haina maji.

Mshororo wa tatu ndio mgonjwa hasa. "Na kutaka" haifanyi kazi yoyote zaidi ya kuleta -ka, maana anayeomba tayari anataka. "Tupeni" ni mbaya zaidi: nani humwomba Mola kwa wingi? Kina kimekufanya uvunje sarufi na adabu kwa pamoja. Uhuru wa mshairi upo, tuna inkisari (kufupisha neno), tuna mazida (kulirefusha), tuna tabdila (kubadili sauti zake), lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofunika hili. Jaribu:

*Wingu halina hakika, lapita kama mgeni,*

Na uangalie vina vyako vya mwisho: mlangoni, majumbani, duniani. Hiyo -ni ya mahali hupachikwa karibu kila nomino, kwa hiyo sikio haliipokei kama kitu kilichotafutwa. "Mgeni" ina -ni iliyomo ndani ya neno lenyewe, ndiyo maana inagonga. Vivyo hivyo -ka ya kukauka na kupasuka, nayo ni ya kuokota njiani.

Kalamu_Huru:
Naunga mkono hapo, ingawa najua FundiMizani atashangaa. Waliokwambia la pili ni insha iliyokatwa nao hawakukosea. Jipime hivi: liandike kwa mfululizo kama aya. Likisomeka vilevile, ile mistari haikuwa na kazi. Lako linasomeka vilevile.

Neno likikaa peke yake kwenye mstari hulemewa na ukimya unaolifuata. "Ndoo" peke yake, kisha "zinalia" peke yake, ni kupiga kengele kila hatua hadi msikilizaji azizoee. Na "huzuni imetanda katika jamii yetu" ni lugha ya risala. Ukiacha vina unakuwa umeacha nguzo moja, basi picha na mapigo vibebe uzito wake. Mfano:

*Ndoo mlangoni,*
*midomo wazi.*
*Kamba ya jana*
*leo haifiki.*

Huzuni haikutajwa, na maji yamepungua kwa kipimo cha kamba.

FundiMizani:
Nimekuhesabia: 6, 5, 5, 6. Mnatukana mizani mchana, usiku mnalala nayo 😄

Kalamu_Huru:
Sijawahi kusema mapigo hayana maana. Ninachokataa ni kipimo kuamuliwa kabla wazo halijafika.

MwanaBahari:
Mtunzi, usidhani arudhi ni ukale na huru ndio uasi. Amri Abedi aliandika sheria za utunzi mwaka 1954, na Kezilahabi akatoa *Kichomi*, diwani ya mashairi huru, mwaka 1974, ndipo vumbi likatimka. Lakini mwaka mmoja kabla ya *Kichomi* ilitoka *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, mashairi yaliyotungwa gerezani, yakiisema serikali ndani ya vina na mizani. Na arudhi yenyewe si kipimo kimoja: utenzi ni mizani 8 kwa mshororo, lakini shairi la kale la *Al-Inkishafi* lina 10.

Jambo jingine: usikubali tungo zako huru ziitwe "guni". Shairi guni ni lile lililokusudia arudhi likateleza, kama mshororo wako wa kwanza. Ambalo halikuikusudia si guni.

Mtunzi_Chipukizi:
Asanteni. Nikiendeleza tarbia hadi beti 10, lazima -ka na -ni ziende mpaka mwisho? Na kituo, ule mshororo wa mwisho, nikirudie?

FundiMizani:
Ukizishika mwanzo hadi mwisho utakuwa umetunga mtiririko, na utahitaji vina 40 vya kati na 40 vya mwisho. Kwa sasa tumia ukaraguni, ubadilishe vina vyote kila ubeti. Kituo ukikirudia ni kibwagizo, na hapo "twende wapi duniani" lazima imudu kusikika mara 10. Sidhani kama inamudu. Acha kila ubeti uwe na kimalizio chake.

Kalamu_Huru:
Kwenye diwani zitenganishe kwa sehemu mbili. Tungo huru ikifuata tarbia papo hapo, sikio la msomaji linaendelea kusubiri kina na linaona kimesahauliwa. Ila wazo hili la kisima lichapishe kwa namna moja tu. Mimi ningechukua tarbia iliyorekebishwa.