Eksirei laini inafifia baada ya mipigo michache

Napiga leza kwenye bamba la shaba ndani ya chemba ya ombwe (isiyo na hewa) ili kupata eksirei laini, yaani eksirei zenye nishati ndogo. Pigo la kwanza kigunduzi kinasoma vizuri, la kumi hakioni kitu. Leza yenyewe haijabadilika. Nakosea wapi?

Jibu: Unapiga palepale? Kila pigo linachimba kishimo, plazima (gesi ya moto sana inayotoa eksirei) inazaliwa humo ndani na kuta zinameza mionzi. Sogeza bamba, kila pigo likute uso mpya. Mimi natumia silinda inayozunguka huku ikipanda kama skrubu.

Jibu: Kagua pia kichujio kilicho mbele ya kigunduzi. Changu cha alumini kilipakwa shaba inayoruka kutoka kwenye bamba mpaka kikawa chekundu! Gesi kidogo ya heliamu hupunguza uchafu huo. Hewa usiiachie, inaimeza eksirei laini yote.

Muulizaji: Nimefungua. Kishimo kipo, cheusi, kama kimetobolewa kwa sindano. Asanteni sana, leo naweka mota ya kusogeza bamba.