Mfereji tulichimba wote, bei ya umeme wanapanga watu saba!

Wakuu, niko Nyanda za Juu Kusini, kijiji chenye mtambo mdogo wa umeme wa maji unaomilikiwa na chama cha ushirika cha watumiaji. Kwenye makaratasi ni wetu. Mfadhili alileta mashine na mabomba. Mfereji, mawe ya banio (ukuta wa kuchepusha maji ya mto) na mashimo ya nguzo ni jasho la kila kaya, na asiyefika alitozwa faini.

Juzi tumekuta karatasi imebandikwa mlangoni kwa ofisi: bei ya uniti imepanda. Basi. Nani kaamua? Eti bodi, wale watu saba. Bodi ipi, wakati muda wao uliisha na uchaguzi unaahirishwa kila msimu, mara watu wako shambani, mara mvua, mara akidi haikutimia? Itatimia vipi na taarifa ya mkutano inatoka jana yake jioni!

Kinachonitoa povu hasa ni daftari la wanachama. Waliandikisha kwa kaya, yaani jina la mume. Akina mama waliobeba mawe kichwani kutoka mtoni, wengine na watoto mgongoni, hawana kura. Jirani yangu mjane alisimama mkutanoni kuuliza swali, akaambiwa hisa ni za marehemu, alete kwanza karatasi za mirathi. Mbona akienda kununua uniti haulizwi mirathi? Fomu ya uanachama katumiwa mwanawe wa kiume aliyeko Makambako, ambaye jembe la mfereji ule hajalishika.

Halafu mashine ya kusaga ya mjumbe mmoja wa bodi haina mita. Fundi anajua, mtunza hazina anajua. Kiangazi maji yakipungua tunakatiwa sisi wa bondeni, ile inasaga.

Msiniambie "subirini TANESCO". Najua kule mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, sisi ni mara kadhaa ya hapo. Mtambo mdogo una gharama zake, sikatai, beringi zinakufa na fundi anakula. Nionyesheni hesabu basi! Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inataka mahesabu yakaguliwe na yaletwe mkutano mkuu, na kila mwanachama ana kura moja hata awe na hisa hamsini. Kwetu ripoti ya mkaguzi hakuna aliyewahi kuiona.

Afisa ushirika tulimwendea. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumpigia mwenyekiti simu.

Sasa mliowahi kuitisha mkutano mkuu maalumu kwa saini za wanachama, mlifanyaje? Barua mlipeleka moja kwa moja kwa Mrajis wa vyama vya ushirika Dodoma au ilianzia mkoani? Suala la bei mlilitenganisha mkaliandikia EWURA, wadhibiti wa huduma za nishati na maji? Saini tunazo. Za akina mama tumeziweka karatasi ya peke yake, maana hizo ndizo watakazozikataa kwanza.