Wapiga picha wa Mwanza, lenzi ya 24mm ndiyo inayowasogeza maharusi kwenye maji

Wakuu, habari za jioni. Huu ni uzi wa malalamiko. Unawahusu wapiga picha wa Mwanza, hasa wa harusi, pamoja na kamati zinazowalipa. Mods msiupeleke jukwaa la utani tafadhali.

Jumamosi yoyote kuanzia saa 10 jioni, kwenye mawe ya ukingoni kuanzia Kapripointi mpaka Luchelele, mchezo ni uleule. Bi harusi kasimamishwa kwenye ncha ya jiwe, shela linapepea, mgongoni ziwa. Kijana wa kamera anarudi kinyumenyume, jicho kalibana kwenye kamera: "Nyuma kidogo dada. Kidogo tena." Nyuma ya dada imebaki hatua moja. Nyuma ya kijana mwenyewe kuna nini hajui. Msaidizi kashika riflekta, bestmani kashika simu, boya hakuna, kamba hakuna. Ukiuliza unajibiwa "ndio muonekano wateja wanaoutaka".

Uongo. Mteja anataka picha inayomwonyesha yuko ukingoni. Kumweka ukingoni kweli ni uvivu wenu.

Chanzo si ujasiri, chanzo ni lenzi. Chukua kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa), weka 24mm, yaani lenzi pana inayoona eneo kubwa, ishike wima: mtu mzima anaenea ukiwa mita moja na nusu tu kutoka kwake. Lenzi pana inakuza kilicho karibu na kusukuma mbali kilicho nyuma. Jiwe lililopo kati ya miguu ya mteja na maji linaonekana kama uwanja wa mpira, ziwa linabaki uzi mwembamba. Mpiga picha akiona hivyo habadilishi lenzi. Anasogeza mtu! Kila sentimita ya jiwe anayotaka ipotee kwenye picha, anaipoteza kwa miguu ya mwenzake.

Sasa weka 85mm, namba ikipanda lenzi inavuta vya mbali. Mtu yuleyule, kamera wima, unahitaji kuwa mbali mita 5 au 6. Weka 200mm, unarudi mita 12 au 13. Nyuma inavutika: visiwa vinasogea, mitumbwi inasogea, jua linakuwa sinia. Kisha shusha kamera. Mawe yetu ni ya mviringo, yana mgongo. Kamera ikiwa usawa wa goti, juu kidogo tu ya mgongo wa jiwe, mteremko wote ulio ng'ambo ya mgongo unafichwa na jiwe lenyewe. Mteja anasimama hapo mgongoni, mita 5 nzima kabla ya maji, na kwenye picha nyayo zake zinagusa ziwa. Hakuna mama mkwe atakayejua. Wa simu nao hawana kisingizio, maana lenzi kuu ya simu nyingi ni sawa na 24 au 26mm. Bonyeza 2x au 3x, rudi nyuma, tena upande wa nchi kavu. Na kama mahali ni finyu hata 85mm haipiti, basi hapo mtu hasimamishwi, anakalishwa. Aliyekaa hata akiteleza anateleza kwa makalio, anapata muda wa kushika kitu.

Tuje kwenye jiwe lenyewe. Granaiti kavu inashika soli vizuri, ndiyo maana watu wanaiamini. Tazama jiwe lolote lililoingia majini: juu ni kijivu au hudhurungi, chini yake kuna mkanda mweusi, chini zaidi mkanda wa kijani. Wa kijani haukauki, na mwani ule ukikanyagwa ni sabuni. Mweusi ndio muuaji, kwa sababu ukiwa mkavu unaonekana jiwe tu la kawaida. Ni pale mawimbi yanapofika kisha pakakauka. Likija wimbi moja likaulowesha, unateleza sawasawa na kijani, na wakati huo bi harusi ameshasimama juu yake na viatu vya kisigino cha sentimita 10. Mguu wa mteja usikanyage mkanda mweusi wala chini yake, na juu yake acha mita 2 nyingine.

Jiwe la mviringo pia halina ukingo. Linainama polepole, na kila hatua unayoshuka mwinamo unaongezeka bila kukupa onyo, mpaka hatua ambayo soli haishiki tena. Mahali pengine granaiti imebanduka magamba. Gonga kwa kisigino kabla ya kumpandisha mtu. Likilia kama debe tupu, pita mbali. Na mjue kwamba kutumbukia ni rahisi kuliko kutoka. Chini ya maji jiwe linashuka wima au limeingia ndani, hakuna mchanga wa kukanyaga, na sehemu ya kushika ni ileile yenye mwani. Mtu anayejua kuogelea anaweza kuchoka akiwa sentimita 50 kutoka kwenye jiwe.

Jiwe la Bismarck, kwa vile liko kwenye kalenda na kadi zote za Mwanza, kila mtu anataka lake. Pale kuna cha ziada: kivuko cha Kamanga. Kivuko kinapita, watu wanapunga mikono, kinakwenda zake, na mawimbi yake yanafika kwenye mawe baadaye watu wakiwa wameshasahau. Hata bila kivuko, mawimbi ya ziwa ni mafupi, yanafuatana haraka na hayalingani. Mawili yakikutana yanapanda jiwe kuliko yote yaliyotangulia. Kabla ya kuteremka, kaa dakika 10 ukitazama maji, weka alama pale palipolowa juu zaidi. Dakika 10 tu, na mnapoteza 40 kupanga shela.

Wengine wanaleta ujuzi wa Dar. Huku hakuna kupwa na kujaa, kwa hiyo usisubiri maji yatoke. Ziwa linapanda na kushuka kwa miezi na miaka. Lilipanda sana 2020, likapanda tena 2024, hivyo jiwe uliloliona kavu kwenye picha ya 2018 huenda leo liko chini ya maji, au juu kidogo tu na limevaa utando. Tena maji ya chumvi yanambeba mtu zaidi kwa asilimia 2.5 hivi. Anayeelea bila jasho ufukwe wa Coco kule Dar, huku atakuta pua iko usawa wa maji. Na karibu na mjini maji ni ya kijani na mazito kwa mwani. Mtu akishazama kidogo tu humuoni, hata ukiwa umesimama juu yake.

Saa nazo mnachagua mbaya. Kapripointi inatazama magharibi, kwa hiyo ili jua liwe nyuma ya mteja lazima mteja awe upande wa maji. Na alasiri ndio upepo wa ziwani unakuja nchi kavu kwa nguvu, kwa sababu ardhi imepata joto kuliko maji. Jua hapa linazama kati ya saa 12:35 jioni na saa 1:10 usiku kutegemea mwezi, kisha giza linaingia ndani ya dakika 20 na kitu. Mnapiga mpaka mwanga wa mwisho, halafu mnateremka mawe gizani, mmebeba mabegi, na bi harusi mwenye gauni la mkia. Piga picha za maweni kwanza, za bustanini mwisho. Softiboksi (lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) ya sentimita 120 kwenye upepo ule ni tanga la ngalawa. Ikianguka, msaidizi anairukia bila kufikiri.

Wapenda macheo nao wasijione salama. Mvua za radi za ziwa hili hupenda kuzaliwa juu ya maji usiku wa manane kuelekea alfajiri. Ukiona umeme, hesabu mpaka usikie ngurumo: sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, kunja tripodi, ondoka juu ya jiwe, na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Gauni. Watu wanadhani hatari yake ni uzito. Mwanzoni gauni la neti na bitana linanasa hewa, linafura kama puto, walio juu wanacheka wakidhani anaelea. Hewa ikitoka, neti inakumbatia miguu, na koseti iliyokazwa kamba mgongoni haimwachii avute pumzi ndefu. Uzito unakuja pale anapojaribu kupanda, maji yote yaliyomo yanageuka mzigo. Msaidizi awe na mkasi mfukoni, si kwenye begi lililoachwa garini, ili kamba za mgongoni zikatwe mara moja.

Mtumbwini ndio kabisa. "Dada vua boya, linaharibu gauni, tunapiga moja tu." Kisha asimame, bwana harusi asimame amshike kiuno, mpiga picha ahamie upande mmoja apate pembe, nahodha naye kageuka kutazama. Kanda hii inajua chombo kupinduka ni nini: MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, imejaza kupita uwezo wake, wakafa watu zaidi ya 200. Na picha hiyo haihitaji kina! Funga mtumbwi mbele na nyuma kwenye maji ya magotini, tako lake likae mchangani, wakae badala ya kusimama, wewe shusha kamera, tumia lenzi ndefu. Itaonekana katikati ya ziwa. Hapo kwenye maji ya magotini vaa gambuti, maana kichocho kinapenda kona tulivu zenye majani, na vimelea vinatoka kwa wingi jua likiwa kali kuelekea mchana. Na waulize wavuvi wa mwalo husika kuhusu mamba na kiboko. Watakwambia bure.

Droni ina ujinga wake. Imeruka kutoka mtumbwini, betri inapungua, inarudi yenyewe mahali iliporukia, ambapo sasa ni maji kwa sababu mtumbwi umeshasukumwa na upepo. Kijana anaona milioni zake zinatua ziwani, anajitupa. Irushwe kutoka nchi kavu, na kabla ya hapo kuna usajili na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mnachokiruka kila siku.

Vifaa vya kubeba havizidi begi moja dogo. Kamba ya mita 20. Dumu la lita 5 lenye kifuniko kisichovuja, limefungwa kwenye ncha ya kamba, na ndani maji kidogo kama nusu lita lipate uzito wa kurushwa; hewa iliyobaki inatosha kushikilia kichwa cha mtu mzima juu ya maji. Filimbi. Boya moja kwa kila anayeshuka chini ya zile mita 2 za juu ya mkanda mweusi. Mtu akitumbukia, rusha dumu lipite nyuma yake kisha livute limfikie. Usimfuate. Anayezama hapigi kelele, kichwa kinalala nyuma, mikono inakandamiza maji, na anaweza kupotea ndani ya dakika moja. Mara nyingi wa pili kufa ni yule aliyeruka kumfuata.

Akitolewa hapumui, acheni kumning'iniza miguu juu na kumkamua tumbo! Mnachotoa ni chakula, kinaingia kwenye mapafu. Mlaze chali, kichwa nyuma, mpe pumzi 5 kwanza, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, pumzi 2, rudia bila kusimama mpaka msaada ufike. Mwingine apige 114 au 112.

Lawama nyingine ni za wenye fukwe. Mnatoza kamera getini, mnatoza gari la maharusi, lakini ukutani hakuna hata boya moja lenye kamba. Na kamati za harusi: mnauliza kama keki ina ngazi ngapi, hamuulizi mpiga picha ana lenzi gani na ana kamba au hana.

NYONGEZA baada ya kusoma michango:

Anayesema "lenzi ya 200 ni ghali": mjini zinakodishwa kwa siku, na 85mm ya f/1.8 huenda ikawa ya bei ya chini kuliko softiboksi mbili na flashi mnazozipeleka kuangukia ziwani.

Anayesema mteja analazimisha: mwonyeshe kwenye kioo cha kamera picha mbili, ya 24 akiwa juu salama na ya 200 akiwa palepale. Mbishi atachagua ya pili mwenyewe.

Aliyeuliza kuhusu mkanda wa kamera: usiuvae shingoni karibu na maji. Uvae begani upande mmoja, au uwe na klipu ya kufyatua. Na begi la mgongoni lisifungwe mkanda wa kifuani.

Nina swali moja na naomba majibu ya kweli: kuna ufukwe gani Nyegezi, Bwiru au Igombe ambao sasa hivi una boya na kamba vinavyoonekana kwa macho? Wekeni picha, tuwapeleke wateja huko.