Wajukuu wa Bibi Minza – Igoma

*Doto:* Mwangaluka ndugu zangu. Pacha wangu Kulwa karudi kazini leo, kiwanda cha samaki. Saa kumi na moja alfajiri keshavaa gwanda na buti za mpira, anasubiri kupambazuke.

*Mama Mdogo:* Mungu mkubwa. Siku anashuka basi la Moshi pale Nyegezi nilimpita, nikidhani mtu mwingine. Mashavu yale!

*Mjomba Masanja:* Kazi ya barafu na mapafu yale? Angekuja mwaloni Kirumba nimpe dagaa auze.

*Doto:* Mjomba, mapafu daktari kaandikia barua, makohozi yanatoka safi mwezi baada ya mwezi. Shida ni miguu. Dawa za kifua kikuu sugu zimemwachia ganzi, na meza ya minofu ni kusimama kutwa kwenye sakafu ya maji.

*Mjomba Masanja:* Na ile nusu mshahara waliyompa karibu miezi miwili? Wezi wale.

*Happy:* Siyo wizi Mjomba. Sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36. 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Yeye katumia 117 kwa ajili ya hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro. Zimebaki tisa, asije akazimalizia kwa malaria 😂

*Mjomba Masanja:* Haya umesomea wapi wewe mtoto?

*Happy:* Ada si ulilipa wewe.

*Shangazi Neema:* Samahani nauliza tu. Kile kikombe cha bati mmemtengea?

*Doto:* Anajitengea mwenyewe! Nimekificha mara mbili, anakitafuta mpaka anakipata. Shangazi, ugonjwa huu unapita hewani, haupiti kwenye kikombe wala sahani. Na sisi wote wa nyumba ile tulishapimwa.

*Shangazi Neema:* Ndiyo maana nikasema nauliza.

*Mama Mdogo:* Wifi, si wewe uliyesema karogwa 🙈

*Shangazi Neema:* Tulisema wengi.

*Kulwa:* Nawasoma hapa, niko mapumziko. Msimamizi kanihamishia mzani wa getini, nakaa kwenye kiti.

*Doto:* Afadhali! Na watu?

*Kulwa:* Saa nne wakati wa chai nilipokaa kwenye benchi wakainuka watatu. Mmoja akasema anaenda kuvuta sigara. Havuti.

*Doto:* Nani huyo? Nitajie.

*Kulwa:* Acha Doto. Mzee wa mzani alisogea, akaniuliza kama Kilimanjaro kuna baridi kweli. Nikamwambia baridi nimeiona, mlima ndio ulikuwa mawinguni siku nyingi. Viazi tumekula wote, kavisifia.

*Mama Mdogo:* Na dawa?

*Kulwa:* Nimemeza. Imebaki miezi miwili.

*Mama Mdogo:* Haya. Kesho navifunga vya watu wawili.

*Kulwa:* Asante Mama Mdogo. Doto, kikombe changu sikukiona asubuhi.

*Doto:* Kikombe gani?