Karatasi ya kura yenye maswali kumi: nani huyatunga, na "ndiyo" maana yake nini?

Mwana wa Chake
Assalaam alaykum. Dada yangu anaishi California, na Novemba 2024 alipiga kura kule kwa mara ya kwanza. Alinitumia picha ya karatasi yake, nami nimeitazama mara nyingi bila ya kuielewa. Chini ya majina ya wagombea yamepangwa maswali kumi ya jimbo, namba 2 hadi 6 kisha 32 hadi 36, na baada yake yanakuja ya mji wake, ambayo yanatambulishwa kwa herufi. Kila swali lina jibu la ndiyo au hapana. Mimi katika umri wangu wote nimeulizwa swali moja tu la namna hii, lile la mwaka 2010 hapa Zanzibar, kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Naomba mwenye kujua anieleze ni nani anayeyatunga maswali haya, na ikiwa mtu ataacha moja bila ya kulijibu, je, karatasi yake yote inaharibika?

Mkaazi wa Mkunazini
Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Nianze na neno lenyewe, kwa sababu hapa kwetu "kura za maoni" ni pia zile za ndani ya vyama za kuteua wagombea, na wengi huchanganya. Unayoulizia ni kura ambayo mwananchi anapitisha au anakataa sheria yenyewe.

California ina milango miwili mikubwa ya kuingizia swali. Mlango wa kwanza ni wa Bunge la jimbo, ambalo haliwezi kubadilisha katiba ya jimbo wala kukopa fedha nyingi kwa hatifungani bila ya kuwauliza wapiga kura. Maswali namba 2 hadi 6 katika picha yako yalipitia hapo, na la 2 lilikuwa mkopo wa dola bilioni 10 kwa ajili ya majengo ya skuli, ambao ulikubaliwa. Mlango wa pili ni wa saini za wananchi. Anayetaka sheria mpya hupewa siku 180 kukusanya saini zinazofikia asilimia 5 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi uliopita wa gavana, na kwa mwaka 2024 hiyo ilikuwa saini 546,651. Akitaka kugusa katiba, kiwango kinapanda hadi asilimia 8. Namba 32 hadi 36 zilikuja kwa njia hii.

Usidhani kwamba Marekani yote iko hivyo. Texas haina mlango wa saini katika ngazi ya jimbo, na Delaware hubadilisha katiba yake bila ya kumuuliza mpiga kura hata mmoja.

Aliyerudi Bububu
Nimeishi huko miaka kadhaa, na ninaongeza lile ambalo karatasi haionyeshi. Saini nyingi hukusanywa na vibarua wanaolipwa kwa kila saini, nao husimama kwenye mlango wa duka kubwa na ubao mkononi, wakikupa maelezo ya nusu dakika ambayo mara nyingine hayafanani na yaliyoandikwa. Mimi mwenyewe nilisaini mara moja kwa kuona haya tu, mikono yangu ikiwa imejaa mifuko, na nilipokuja kusoma nyumbani nikajuta.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye neno "ndiyo". Bunge la California lilipopiga marufuku tumbaku yenye ladha, wapinzani wa sheria hiyo walikusanya saini ili ipelekwe kwa wananchi, ikawa swali namba 31 la mwaka 2022. Mtu angetegemea kwamba waliolileta swali wanaomba "ndiyo", lakini katika kura ya aina hiyo "ndiyo" inaibakisha sheria na "hapana" inaifuta, kwa hivyo waliolileta ndio waliokuwa wakiomba "hapana". Wakashindwa, na marufuku ikabaki. Mwambie dada yako asiamini bango la barabarani. Asome kijitabu ambacho jimbo humpelekea kila mpiga kura, ambacho kwa kila swali kina sehemu inayoeleza "ndiyo" itafanya nini na "hapana" itafanya nini.

Kisha aangalie kiwango cha ushindi. Florida, mabadiliko ya katiba yanahitaji asilimia 60, na ndiyo maana mwaka 2024 pendekezo la haki ya kutoa mimba lilipata takribani asilimia 57 na bado likaanguka. California mikopo mingi ya miji inahitaji theluthi mbili, lakini ya skuli inaweza kupita kwa asilimia 55. Swali namba 5 kwenye picha yako lilitaka mikopo ya nyumba na miundombinu nayo ishushwe hadi 55, na wananchi wakalikataa.

Bibi wa Wete
Wanangu, hiyo ya 2010 naikumbuka vyema. Ilikuwa tarehe 31 Julai, nami nilipanga foleni tangu alfajiri katika skuli ya shehia yetu pamoja na mama yangu, ambaye hakujua kusoma, na njia nzima alikuwa akiniuliza kama Serikali ya Umoja wa Kitaifa iko upande wa "ndiyo" au wa "hapana". Asilimia 66.4 walikubali, na Agosti Baraza la Wawakilishi likaiingiza katika Katiba kwa marekebisho ya kumi. Tofauti na huko ni kwamba swali lilitoka Barazani, na hakuna raia aliyezunguka na daftari la saini.

Kuhusu viwango, hata sisi tungeviona. Katiba Inayopendekezwa, iliyopangiwa kura tarehe 30 Aprili 2015 kisha ikaahirishwa, ilihitaji zaidi ya nusu Tanzania Bara na zaidi ya nusu Zanzibar, kila upande peke yake.

Mwana wa Chake
Ahsanteni sana, na shikamoo Bibi. Limebaki lile la swali lisilojibiwa.

Aliyerudi Bububu
Haiharibiki. Kila swali huhesabiwa peke yake, na analoliacha wazi haliingii katika hesabu ya ndiyo wala ya hapana ya swali hilo, huku majibu yake mengine yote yakibaki halali.