MREJESHO: Ile saa ya Omega ya marehemu babu

Wakuu, niliuliza kama saa ya Omega Seamaster aliyoiacha babu ni orijino, na kama uso wake uliofubaa upakwe upya. Fundi kaifungua mbele yangu: mashine rangi ya shaba, kaliba (yaani modeli ya mashine) 565, inajijaza yenyewe mkono ukitembea. Kile kidude cha kutilia ufunguo ukikivuta hadi mwisho, tarehe inaruka siku moja. Raha tupu! Ukingoni mwa uso, chini, kuna "T SWISS MADE T", yaani alama zake zilitiwa tritiamu, kitu chenye mionzi kinachozifanya zing'ae gizani. Nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi, ndiyo maana gizani haing'ai tena. Uso sipaki ng'o, wakusanyaji wengi huukimbia uliopakwa. Nimebadilisha mafuta na raba ya kuzuia maji tu. Na mliouliza bei, haiuzwi.